UNAKABWA USIKU? MUACHE BIBI WA JIRANI

Kuna MC mmoja pale Kahama, jina lake likae pembeni, ambaye harusi ya wenye hela haiendi bila yeye. Zamani posti zake zilikuwa suti na magari tu. Siku hizi ni malalamiko. Anaandika kwamba usiku anakabwa. Anashtuka saa 9, anaona chumba chote vizuri, lakini mkono haunyanyuki, sauti haitoki, na kifuani ni kama kuna mtu kamkalia. Ya mwisho ndiyo imeharibu kabisa: eti "namjua", ni mama mmoja mzee wa hapo hapo mtaani. Mashabiki nao, badala ya kumwambia kaka pumzika, wakamwagia namba za waganga.

Jamani, hii ni Shinyanga. Mkoa huu na jirani zake Geita, Simiyu na Mwanza wamezika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi "ushahidi" wenyewe ulikuwa macho mekundu. Mwanamke aliyepikia kuni, mabua na mavi ya ng'ombe miaka 50, macho yake mlitaka yaweje? Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mtu maarufu akiandika "namjua" mbele ya wafuasi wake, hiyo nayo ni ramli. Tofauti ni kwamba yeye hatozi kuku.

Hilo linalomkaba lina jina la siku nyingi, jinamizi, na madaktari wanalijua vizuri. Mtu akiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo hufunga misuli ya mwili ili asiamke akapigana na ukuta kwa sababu ya anachokiota. Sasa wakati mwingine akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa. Unakuwa macho, mwili umelala, na ndoto bado inaendelea pale pale chumbani. Ndiyo maana unaona kivuli mlangoni na kifua kinakuwa kizito. Inachukua sekunde au dakika chache, inaisha. Inatisha kweli, lakini yenyewe haiui.

Tena halipo Usukumani tu. Kule Newfoundland, Kanada, watu wa zamani walisema ni bibi kizee anayekuja kukalia kifua. Kizee yule yule, na huko hakuna aliyewahi kumsikia bibi wa Kahama! Zanzibar mwaka 1995 ilikuwa Popobawa, watu Pemba na Unguja wakalala nje kwa makundi, na wapo watafiti waliolihusisha na jinamizi hili hili.

Linampenda nani? Asiyelala vya kutosha, anayelala saa zisizoeleweka, mwenye mawazo, na anayelala chali. Sasa mtazame MC wetu. Ijumaa mpaka Jumapili yuko kwenye maiki hadi alfajiri, enaji mkononi, Jumatatu analala mchana kutwa, Jumanne usiku anahesabu dari. Mchawi gani tena anatafutwa hapo?

Na ukanda huu wote unaishi hivyo hivyo. Migodi mikubwa kama Geita na Bulyanhulu haizimi taa, shifti ya usiku ipo kila siku. Madereva wa malori wanaotoka Isaka nao, na mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku tangu 2023. Kwenye maduara ya Nyarugusu na Rwamgasa hakuna hata anayepanga shifti, ni mawe yakitoka tu. Halafu kuna zebaki. Wanaochoma dhahabu wanavuta moshi wake, na kukosa usingizi ni moja ya dalili za sumu hiyo, pamoja na mikono kutetemeka na kusahau sahau. Kijana wa hivyo akipewa dawa za usingizi za dukani anazidi kupotezwa.

Kukoroma nako kusichekewe. Mtu anayekoroma, pumzi inakatika, kisha anashtuka kama anazama, halafu mchana anasinzia kwenye usukani, huyo ni mgonjwa. Pombe kabla ya kulala inaongeza. Anayelala naye ndiye shahidi wa kwanza, amwambie, waende hospitali. Kikiwashinda wilayani, Bugando Mwanza si mbali.

Kwa MC kazi ni mbili. Alale saa zile zile hata kama ni mchana, chumba kiwe giza, enaji zipungue, alalie ubavu. Likiendelea aende kwa daktari. Hiyo ni ya kwake na inaweza kusubiri wiki. Ile posti ya "namjua" haiwezi kusubiri. Aifute leo, na aandike kwa maandishi makubwa kama ya matangazo yake ya harusi kwamba yule mama hahusiki. Kufuta kimya kimya hakutoshi, maana watu wa mtaa wameshaisoma na nyumba yake wanaijua.