Ordinateri haijafa, imepoteza mlango tu

Mwezi huu tunaacha mambo ya batri na panoo za jua, maana kijana mmoja wa Kashebere alitufikia na ordinateri ndani ya mfuko wa unga, ameifunga vizuri sawa mtoto mchanga. Ilikuwa ya shule. Prefe alimwachia ili apige orodha za pointi, na ndani yake mlikuwa pia majina ya wanafunzi wa mwaka wa sita wanaongojea mtihani wa Serikali. Kopi nyingine haikuwako pahali popote.

“Mwalimu,” akasema, “masini imekufa. Na sikugusa kitu ya prefe, hata moja. Nilifuta Linux tu.”

Niliiwasha. Kioo cheusi na maneno mawili: grub rescue. Kijana alikuwa ameandika “aide” kusudi imsaidie, masini ikaandika “qide” na kumwambia haijui amri hiyo. Akadhani ni virusi. Hapana, ndugu. Kwenye kioo kile klavie inasomwa sawa ya Waingereza, nasi tunatumia ya Wafaransa. Wewe unabonyeza A, yeye anasikia Q.

Tayari fundi mmoja alimwambia alete dola ishirini, ataformati yote na masini itakuwa mpya. Wazazi na vijana, hapo msimame kidogo. Kuformati ni kufuta. Pointi za watoto zingekwenda na zile dola, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo sana.

Tueleze ulitoka wapi. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bure kama zamani, na vijana wengi wenye masini za zamani wanasikia kwamba Linux ni nyepesi na hailipwi. Ni kweli. Huyu alichukua Ubuntu, ile iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni utu, neno ambalo bibi zetu wangelielewa bila kamusi. Aliiweka kando ya Windows, zote mbili zikatembea vizuri. Kisha nafasi ikawa haba, akaingia katika Windows na kufuta chumba chote cha Linux. Akazima. Asubuhi, kioo cheusi.

Ona sasa. Mwanzoni kabisa mwa diski ya masini ya zamani kuna kipande kidogo cha baiti 512. Ndipo anakaa sentineri. Ukiwasha masini, ni yeye anayeulizwa: mwenye nyumba yuko chumba gani? Linux inapoingia, inamtoa sentineri wa Windows na kuweka wake, anaitwa GRUB. Lakini baiti 512 ni mahali padogo, kwa hiyo daftari lake kubwa GRUB analiweka ndani ya chumba cha Linux. Kijana alibomoa chumba pamoja na daftari. Sentineri amebaki mlangoni, hajui tena ampeleke mgeni wapi. Windows yenyewe na pointi zote ziko palepale, hakuna aliyezigusa.

Kazi ya kwanza haikuwa kutengeneza, ilikuwa kuokoa. Niliweka flashi yenye Ubuntu, nikaiwasha masini kupitia ile flashi, nikachagua “Essayer” na siyo “Installer”. Kwa njia hiyo Linux inatembea juu ya flashi bila kuandika kitu kwenye diski. Nikafungua diski ya Windows, nikanakili mafaili ya prefe kwenye flashi nyingine. Kijana alipumua hapo, na mimi pia.

Ndipo tukachukua flashi ya kuingizia Windows 10. Usibonyeze “Installer maintenant”! Chini pembeni kuna “Réparer l’ordinateur”. Kutoka pale unaenda “Dépannage”, kisha “Invite de commandes”. Tukaandika:

bootrec /fixmbr

Amri hii inamrudisha sentineri wa Windows, wala haigusi orodha ya vyumba vya diski. Ikikataa bado kuwaka, unaongeza bootrec /fixboot. Kwetu ya kwanza ilitosha. Tulitoa flashi, tukawasha, na Windows ikafunguka sawa hakukuwa na neno.

Masini nyingi zilizotoka na Windows 8, tangu 2012, zina mpango mwingine unaoitwa UEFI, na hapo mara nyingi ni rahisi zaidi: unapowasha unabonyeza F12 kwa Dell au Lenovo, F9 kwa HP, unachagua “Windows Boot Manager”. Ikifunguka, ingia katika mipangilio ya masini na uiweke ya kwanza.

Kijana akauliza alikosea wapi. Alifanya kazi ya pili mbele ya ile ya kwanza. Anayetaka kuondoa Linux arudishe kwanza sentineri wa Windows, azime na kuwasha aone, ndipo afute chumba. Na mambo ya kugawanya diski msiyafanye jua likishuka na batri ikilia. Masini ikizimika katikati, hapo ndipo mafaili yanapotea kweli.

Alirudi Kashebere na flashi mbili mfukoni, moja ya pointi na moja ya Ubuntu. Tulisikia kwamba prefe alifungua orodha zake moja moja mpaka ya mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile Linux nayo inaweza kutoa biletini za watoto.