Chuo Kikuu cha Butiama Kijenge na Ukumbi wa Michezo

Ndugu wanachama, katika kuyazungukia matawi ya chama kutoka Sirari hata Mugumu, tumeulizwa na vijana swali ambalo hatukulitazamia. Hawakutuuliza habari za vyeo wala za kadi. Walitaka kujua kwamba Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kilichopewa jina la Mwalimu Julius K. Nyerere, pale Butiama, kitawafaa nini wao wa Tarime na Serengeti ambao hawatasoma humo. Swali hili ni la haki. Majengo ya chuo hicho yanatokana na mradi wa HEET ulioanza 2021, nao ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa vyuo vikuu vya nchi nzima. Mkopo hulipwa na wote, hata na mama auzaye ndizi sokoni Sirari. Basi naye ana haki ya kuuliza.

Sisi twataka kujibu kwa upande mmoja tu, upande wa michezo, kwa kuwa wakubwa wengi huusahau.

Kila mtu wa huku aijua mvua ya milima ya Tarime. Masika ni Machi hata Mei, vuli ni Oktoba hata Desemba, na mara nyingi mvua hushuka mchana, saa zile zile za michezo. Uwanja hugeuka tope, na watoto hurudi nyumbani. Sisi tuliosomea ualimu twajua zaidi. Chuoni kwetu, ambacho hatutakitaja, tulifundishwa mpira wa kikapu ubaoni kwa chaki. Goli lilichorwa, mistari ikachorwa, na mpira wenyewe ulikuwa umefungiwa stoo mpaka mvua ziishe. Walimu wa namna hiyo ndio sisi, tunaotumwa shuleni kuinua vipaji vya watoto!

Wako wasemao kwamba ukumbi wa michezo wenye paa ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba mkulima hana haja nao. Hao twawaomba watufuate kidogo hadi Marekani, jimbo la Connecticut, kwa maana mwana wa Tanzania alipita huko na habari zake zatuhusu.

Katika kijiji cha Storrs ilifunguliwa shule ya kilimo mwaka 1881. Ilikuwa shule ya ng'ombe na mahindi, mbali na miji mikubwa. Mwaka 1893 ikaitwa Chuo cha Kilimo, na haikuitwa Chuo Kikuu cha Connecticut mpaka 1939. Lakini kabla ya jina hilo kubwa, tangu 1915, wakulima wale walikuwa na ukumbi wao wa ndani ulioitwa Hawley Armory. Jina ni la kijana Willis Hawley, aliyemaliza masomo hapo 1898 akafa mwaka huo huo kwa homa ya matumbo, akiwa askari. Humo wanafunzi walifanya gwaride, mazoezi ya viungo, michezo, mikutano na dansi. Paa lilikuwa moja, na kazi zake nyingi. Hapo ndipo penye somo kwetu: hawakungoja kuwa matajiri, wala hawakungoja kuitwa chuo kikuu.

Mwaka 1954 wakajenga ukumbi wa pili, mkubwa zaidi, nao baadaye ukapewa jina la mwalimu wao wa mpira wa kikapu, Hugh Greer, aliyefariki 1963. Wa tatu, Gampel Pavilion, wenye paa la kuba, ulifunguliwa Januari 1990 ukiwa na viti zaidi ya 8,000. Mwaka 1996 viti viliongezwa hata vikapita 10,000, na mwaka 2017 kuba lile likafanyiwa matengenezo makubwa. Tazameni mpangilio wake: ukumbi mpya ulipokuja, wa zamani haukuachwa uoze. Ulipewa kazi nyingine, ukatengenezwa, ukaendelea kutumika.

Katika ukumbi huo wa tatu ndimo alimocheza Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, kati ya 2006 na 2009. Kimo chake chapita futi saba, lakini kimo hakifungi goli. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, jambo ambalo kwa mchezo ule ni kuchelewa sana. Alipopata sakafu nzuri, taa na mwalimu, alitajwa mara mbili kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo aliyochezea, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika orodha nzima ya vijana waliotakiwa na timu za NBA, Mtanzania wa kwanza kuingia huko. Twajivunia. Lakini pia twaona uchungu, kwa sababu ilibidi avuke bahari ndipo apate paa la kuchezea. Je, ni warefu wangapi wa Kikurya na Kijaluo wanaochunga ng'ombe Nyamwaga na Rorya ambao hawatavuka bahari yo yote?

Na wasichana je? Chuo kile kile cha Storrs, timu yake ya wanawake imeshinda ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 12, tangu wa kwanza 1995 hata ule wa 2025. Timu ya wanaume imeupata mara 6. Wanaodhani kwamba ukumbi ni kwa ajili ya vijana wa kiume tu na watafakari hesabu hiyo. Huku kwetu binti achezaye uwanja wa wazi huzungukwa na watazamaji wenye maneno machafu, tena hana mahali pa kubadili nguo. Ukumbi wenye kuta, mlango na vyoo humwondolea aibu isiyo yake. Zaidi ya hayo, kila msimu wa tohara ukifika, mwezi wa Desemba, wasichana hukimbia makwao kuepa ukeketaji, na kituo cha Masanga huko Tarime na nyumba salama ya Mugumu huwapokea. Nafasi hubana. Shule zikiwa zimefungwa, ukumbi mkubwa wenye paa na maji waweza kuwalaza wengi kwa wiki zile za hatari. Sisi twaona jambo hili peke yake latosha kuanza kuchimba msingi.

Hatusemi tuige kuba la Gampel, la hasha. Hatuwasifu Wamarekani kwa kila jambo, na michezo ya vyuo vyao imeingiwa na biashara mno. Tunachotaka sisi ni kitu cha kawaida: kenchi za chuma, mabati, sakafu ngumu iliyolainishwa, kuta zenye kupitisha hewa, taa na tangi la maji ya mvua. Uwanja wa mpira wa kikapu ni meta 28 kwa 15; wa pete ni meta 30 na nusu kwa 15 na robo; wa wavu ni 18 kwa 9; wa mikono ni 40 kwa 20. Kwa hiyo sakafu ya meta 44 kwa 24, na paa lenye kimo kisichopungua meta 7, yachukua yote hayo kwa zamu. Siku za mitihani hupangwa madawati humo. Siku za mkutano watu hukaa kama katika ritongo, wala mvua haiwatawanyi.

Chuo cha Ualimu Tarime nacho kisisahauliwe. Kila bwalo la chuo au la sekondari lenye paa zima lapaswa kukaguliwa: je, sakafu yaweza kutengenezwa, nguzo zaweza kuhimili magoli? Mara nyingi kukarabati ni rahisi kuliko kujenga. Lakini ugonjwa wetu ni ule wa kukata utepe, kupiga picha, na kusahau. Uwanja wa Amaan kule Unguja ulijengwa 1970, na ukarabati uliougeuza sura kabisa ulikamilika Desemba 2023, miaka 53 baadaye. Twataka fedha za matengenezo ziwe na fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, hata kama ni kidogo, zisingoje bati lianguke.

Fedha zitoke wapi? Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, yamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuwafaa wananchi, nao ukubaliwe na halmashauri ya mahali. Dhahabu ya Nyamongo imo Tarime. Wageni wa hifadhi iliyoanzishwa 1951 wapita Serengeti. Halmashauri hizi mbili si maskini wa kushindwa kuchangia jengo moja la Butiama na kukarabati mabwalo mawili ya kwao, zikiamua.

Lipo na jambo la deni la heshima. Oktoba 1961, Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilipoanza na wanafunzi wachache wa sheria, hakikuwa na nyumba. Kilianzia ndani ya jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wanachama walitoa paa lao kwa wasomi. Mwaka 1966, wanafunzi walipoandamana kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwarudisha makwao zaidi ya 300, kwa kuwa walijiona wako juu ya wakulima waliowasomesha. Sasa ni zamu ya chuo kikuu kutoa paa lake kwa watoto wa wakulima.

Kwa hiyo kila tawi, katika mkutano ujao wa kata, limwulize diwani maswali haya na kuandika majibu yake: mchoro wa majengo ya Butiama una ukumbi wa michezo au hauna? Ukiwepo, shule za Tarime na Serengeti zitapewa siku gani za juma? Wasichana watakuwa na saa zao? Bwalo gani la kwetu litakarabatiwa kwanza? Na ufunguo atakaa nao nani, maana tumekwisha kuona majengo mazuri yaliyofungwa mwaka mzima kwa sababu mwenye ufunguo amekwenda likizo.