Ilani ya Wenye Gunia Moja

Sisi ni wauza mahindi, mchele na maharage wa Tunduma, wakulima wa Mbozi na Momba, na vijana wa baiskeli wanaovusha mizigo kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Jina la harakati hatujalipata. Ubishi wake ulikula saa nzima, tukaliweka kiporo.

Ushuru hatuupingi. Barabara hii inayobebeshwa malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana haijijengi. Tunachokataa ni kanuni kugeuka mazao yakiwa tayari ghalani. Juni 2017, msimu wa mavuno, Waziri Mkuu alipiga marufuku mahindi kwenda nje. Mwaka 2023 yakaja masharti mapya ya vibali, malori yakalala mpakani. Mara zote mbili mwenye ghala na mtaji aliweza kungoja. Mkulima anayedaiwa ada ya mtoto aliuza kwa bei aliyotajiwa.

Ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024, wakala wetu wa hifadhi ya chakula, NFRA, ukakubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Kumbe mahindi kuvuka si dhambi! Ila tani laki sita na nusu ni biashara ya nchi, gunia la mama juu ya baiskeli ni magendo.

Na njia za panya hazikuchimbwa na panya. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, Zambia ikabaki. Mchuuzi wa Nakonde akipeleka vitu vyake Malawi, COMESA imemwekea utaratibu mwepesi wa wafanyabiashara wadogo. Akija kwetu, utaratibu huo unaishia mstarini. Unafuu wa jumuiya ya SADC, ambamo nchi zote mbili zimo, upo, lakini unadai cheti cha uasilia, na kukihangaikia kwa ajili ya gunia moja ni kuila faida kabla ya kuipata. Mnyamwanga mwenye shangazi pande zote mbili haelewi kabisa, maana mpaka ulimkuta hapo.

Basi tunadai masharti ya msimu yatangazwe kabla ya mvua za Novemba, mtu apande akijua. Anayeyabadilisha katikati anunue mzigo uliokwama. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa 2019 kiwe na dirisha la mizigo midogo, fomu yake ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na viwango vibandikwe ukutani.

Kikao kijacho kila mmoja aje na stakabadhi zote alizopewa mpakani mwaka huu, hata zile zisizo na muhuri.