Feni ya Dairekti Si Dawa

Leo nitawaudhi mafundi kidogo, wanisamehe. Kuunganisha feni ya rejeta dairekti kwenye swichi ya ufunguo si kutengeneza gari. Ni kulinyamazisha. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na huku kwetu nako kuna mtu anayeletewa ujumbe wa hitilafu, badala ya kuusoma anaufuta ili mteja asiuone. Mteja anafurahi siku tatu. Ya nne mfumo mzima uko chini.

Hapa Lwakhakha tuna sababu ya kulizungumza hili. Mji uko mpakani, chini ya Mlima Elgon. Ng'ambo ya mto ni Uganda na njia ya Mbale, upande huu ni Chwele, Bungoma na Kitale. Magari yanapanda miinuko kwa gia ndogo yakiwa yamejaza watu na magunia, halafu yanasimama injini ikinguruma. Gari likikimbia kilomita 80 kwa saa, upepo wa safari unaipooza rejeta. Likisimama, upepo pekee ni ule wa feni.

Hicho basi ndicho kipimo cha kwanza, na ni cha bure. Injini ikichemka gari likiwa limesimama, kisha ikapoa likikimbia, shuku feni. Ikichemka hata likikimbia, tazama kwanza kwingine: maji yaliyopungua, rejeta iliyoziba, pampu ya maji, thamostati, au gasketi ya silinda hedi. Swali moja tu, na bado kuna fundi anayeshika koleo kabla ya kuliuliza!

Kipimo cha pili: washa AC. Katika magari mengi feni huzunguka mara AC inapowashwa (kama ziko mbili, angalia zote). Feni ya rejeta ikizunguka, mota na umeme wake ni vizima, tatizo liko upande wa kutambua joto. Ikikataa, anza na fyuzi, kisha rilei. Mara nyingi unaweza kubadilishana na rilei ya honi kama ni za aina moja. Mwisho, ipe mota volti 12 kutoka kwenye betri kwa waya wenye fyuzi. Hapo ndipo dairekti ina kazi halali: kipimo cha dakika moja, si makao ya kudumu.

Halafu sensa. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina swichi ya joto ambayo ukichomoa plagi yake huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inazunguka. Walioiunda walifikiri mbele: waya ukikatika, heri feni izunguke bure kuliko injini iungue. Magari ya baadaye yana kompyuta inayosoma sensa ambayo ukinzani wake hushuka joto likipanda. Kwa Toyota nyingi ni omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Mita ya bei ya chini inatosha kupima hayo. Gari likiwa na soketi ya OBD, kidude cha ELM327 kitakuonyesha kwenye simu joto ambalo kompyuta inaliona. Rejeta ikiwa inatokota na kompyuta inasoma nyuzi 60, mwizi umemkamata.

Jirani yangu mmoja aliambiwa anunue mota mpya, la sivyo aunganishiwe dairekti. Tulifuata hatua hizi. AC ilipowashwa feni ikazunguka, kumbe mota haina neno. Plagi ya sensa ilikuwa imeliwa na kutu. Tuliisafisha, tukaibana, feni ikarudi kazini. Spea iliyonunuliwa: hakuna.

Kuna jambo jingine la nyanda zetu ambalo halisemwi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Feni nyingi huamka kati ya nyuzi 90 na 100. Kifuniko cha rejeta kilicholegea kinaweza kuyafanya maji yatokote kabla feni haijaanza. Kifuniko kizima cha baa 0.9 huongeza karibu nyuzi 20 juu ya hizo 94. Feni inashtakiwa, mkosaji ni kifuniko! (Usikifungue injini ikiwa moto, utaungua.)

Najua jibu: fundi hana mita, dereva ana abiria, siku inakwisha. Sawa, lakini hesabu gharama. Mota ya feni hula ampea 10 na zaidi. Waya mwembamba usio na fyuzi unayeyuka, na unaweza kuwasha moto chini ya boneti. Ncha zikigeuzwa, feni inazunguka kinyume na kupigana na upepo wa safari. Mota isiyopumzika humaliza brashi zake mapema. Siku itakapokufa, mshale wa joto utapanda mlimani, hedi itapinda, na abiria watashuka kutembea. Ndugu wa dairekti ni kung'oa thamostati: injini haipati joto lake, mafuta yanaliwa zaidi, na chanzo kiko palepale.

Ila lawama zote si za fundi. Sisi wenye magari tunalipia kitu cha kushika mkononi. Fundi akituuzia mota, tunatoa pesa. Akitumia nusu saa kupima na kusafisha plagi, tunasema "hujafanya kitu," tunampa ya soda. Sasa kwa nini apime? Nimeyaona hayohayo kwenye programu: mteja analipa kwa mistari iliyoandikwa, halipi kwa kosa lililotafutwa usiku kucha likapatikana kwenye herufi moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, feni ikigoma, patana na fundi bei ya uchunguzi kabla ya bei ya spea, na umlipe hata kama dawa ni kipande cha msasa. Akitaka kukata waya, muulize jambo moja tu: umepima nini? Akikosa jibu, funga boneti, gari lipoe, utafute mwingine.