Zawadi za Marafiki wa Mbali



Mwezi huu tumepokea barua ya kijana mmoja wa Unguja, nasi tumeona tuijibu katika ukurasa huu, pasina kutaja jina lake, kwani alilouliza limo katika nyumba nyingi. Kijana huyu asema kwamba baba yake alifariki mwaka jana, na mama yake amekwisha kaa eda na kuimaliza. Tangu hapo, kila usiku baada ya sala ya Isha, mama huyo huchukua simu yake akazungumza na wanawake wenziwe aliosoma nao skuli. Wenziwe hao wametawanyika: mmoja yuko Mombasa, mmoja Maskati, mmoja Leicester huko Uingereza, na mmoja Toronto. Hupelekeana mashairi, husimuliana visa vya paka wao, na hutumiana nyimbo za taarabu za zamani. "Mara nyingine," aandika kijana, "twamsikia akicheka peke yake chumbani, na paka wa marehemu baba amelala miguuni pake." Ami zake wameona kuwa hayo hayamwelekei mjane wa umri wake, nao wamemtuma amwambie mama aache. Naye atuuliza: je, huo si upuuzi ambao Muislamu ameamrishwa kujiepusha nao?

Ewe kijana wetu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kusema, kwani neno likimtoka mtu mbele ya mama yake halirudi. Nasi tutavitazama vitu hivyo vitatu, kimoja kimoja, kisha tutaeleza masharti yake, na mwisho tutakuuliza wewe swali letu.

Ama mashairi, watu wengi hukumbuka ya kwamba mwisho wa Suratu Shuaraa washairi wamelaumiwa, wakasahau kuwa hapo hapo Mwenyezi Mungu amewatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Mungu kwa wingi. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit (r.a.), akawekewa mimbari ndani ya msikiti wa Madina apate kuwajibu washairi wa makafiri. Na kiko kisa kilichopokewa na Imam Muslim ambacho twapenda kila nyumba ikijue. Sahaba mmoja, Sharid bin Suwaid (r.a.), alikuwa amepanda nyuma ya Mtume juu ya mnyama mmoja. Mtume akamuuliza kama amehifadhi chochote katika mashairi ya Umayya bin Abi Salt. Sharid akasoma ubeti, Mtume akataka zaidi. Akasoma mwengine, akataka zaidi. Hata zikatimia beti mia. Nawe fahamu kwamba Umayya huyo hakusilimu. Lakini katika maneno yake mlikuwa na hikima, na hikima hupokewa popote ilipo. Basi ikiwa Mbora wa viumbe alisikiliza beti mia akiwa njiani na rafiki yake, itakuwaje tumkataze mama mjane kumsomea mwenziwe beti nne?

Ama visa vya wanyama, hapo pia hatuoni lawama. Mpokezi mkubwa wa Hadithi twamwita Abu Huraira, na maana ya jina hilo ni baba wa kipaka; alipewa kwa sababu ya kipaka aliyekuwa naye alipokuwa akichunga mbuzi. Ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa akiitwa Abu Umair, alikuwa na kindege cha kuchezea. Siku moja Mtume alimwona mtoto huyo ana huzuni, akaambiwa kwamba kindege kimekufa. Naye, pamoja na mizigo yote ya umma iliyokuwa juu yake, hakumpita. Alimkabili mtoto akamuuliza khabari za ndege wake. Wanachuoni wametoa katika swali hilo fupi mafunzo mengi. Sisi leo twachukua moja tu: kumuuliza mtu khabari za mnyama wake ni njia ya kuuliza khabari za moyo wake pasipo kumtonesha jeraha.

Na katika fikihi, paka ni tahiri. Sahaba Abu Qatada (r.a.) alikuwa akitawadha, akaja paka kunywa, naye akakiinamisha chombo ili mnyama apate kufikia maji. Mkwewe alipomtazama kwa mshangao, alimpa maneno ya Mtume ya kwamba paka ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani mwetu.

Ama nyimbo, hapa yatupasa kusema kwa hadhari. Wanachuoni wamehitilafiana tangu zamani juu ya ala za muziki, na ukurasa wetu hauwezi kuimaliza hitilafu hiyo. Wako waliokataza ala zote isipokuwa dufu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, aliandika kitabu kizima juu ya kusikiliza ndani ya Ihya yake. Akahalalisha mengi katika sauti njema, akakataza zile ala zilizokuwa alama ya walevi, na akakataza kila wimbo unaoamsha haramu katika moyo wa msikilizaji. Akanukuu pia shauri la Junaid, ya kwamba msikilizaji atazame mambo matatu: wakati, mahali, na watu alio nao. Mwenye shekhe wake na amfuate shekhe wake, wala asimgeuze mwenziwe fasiki kwa jambo ambalo maimamu wamelizozania.

Lakini tusidhani kuwa kila wimbo wa zamani ni wa kuchezeshea viuno. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, mtoto wa watu masikini, akafinyanga vyungu na kuvitembeza mjini kuviuza kabla ya kujulikana kwa sauti yake. Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe hadi Bombay, wakatiwa sauti zao katika santuri zilizokuwa miongoni mwa santuri za mwanzo za Kiswahili. Alifariki mwaka 1950. Wimbo wake wa Kijiti ulieleza mauaji ya mwanamke na muuaji aliyekimbilia bara. Wanyonge wakapata mahali pa kutajwa. Nyimbo kama hizo zilikuwa gazeti la wasiojua kusoma. Na katika nyumba nyingi, anayejua ni nani aliyepiga fidla na ni jambo gani lililofumbwa katika wimbo fulani, ni bibi aliyekaa pembeni ambaye hapana anayemuuliza.

Basi vitu hivi vitatu, kwa asili yake, ni zawadi. Na Mtume wetu ametuhimiza kupeana zawadi kwa kuwa huzidisha mapenzi. Zamani shairi lilisafiri kwa jahazi baina ya Lamu, Mombasa na Unguja, likangojewa jibu lake mpaka pepo zigeuke. Leo lafika Toronto kabla chai haijapoa. Kilichobadilika ni chombo.

Walakini zawadi ina adabu zake, na hapa yatubidi tukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliletewa katika simu shairi la maombolezo, la mume aliyemzika mkewe. Juu yake paliandikwa kuwa ni shairi la kale, na jina la mtungaji halikuwapo. Lilitugusa sana, nasi tukalipeleka kwa marafiki wa miji mitano au sita pasipo kuuliza lolote. Ijumaa moja, baada ya sala, mzee mmoja ambaye huswali safu moja nasi alitushika mkono, akasema kwa upole kwamba beti zile ni zake. Alizitunga usiku wa tatu wa matanga. Ubeti wa mwisho, uliokuwa na jina lake na jina la marehemu, na ombi kwa kila msomaji amsomee Fatiha, ulikuwa umekatwa na mtu njiani. Hakutulaumu. Alituuliza neno moja tu: wale wote waliolisoma, kuna hata mmoja aliyemwombea? Hatukuwa na jawabu. Tulirudi nyumbani, tukaanza kuwaandikia wote tuliowapelekea, mmoja mmoja. Wengine walikwisha wapelekea wengine, na hao hatukuweza kuwafikia.

Tangu siku ile tumefahamu kwa nini watunzi wetu wa tenzi walikuwa na desturi ya kutaja mwishoni jina lao, na mwaka wa Hijra, na idadi ya beti. Haikuwa kiburi. Ilikuwa ni kufunga mzigo vizuri usije ukapungua njiani, na kumwomba msomaji dua. Tazameni mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Yalibakia vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya na kuyaandika pamoja na Mwingereza mmoja, Taylor. Na mwaka 1940, miaka mia baada ya kufa mwenyewe, diwani yake ikapigwa chapa. Lau wale waliomhifadhi wangekuwa na tabia yetu ya leo ya kufuta jina na kupeleka mbele, tungekuwa na beti zilizotupwa, na Muyaka asingejulikana.

Kwa hivyo masharti yetu ni haya. Kwanza, sala isicheleweshwe kwa ajili ya simu, wala macho yasikeshwe hata Alfajiri ikapita. Pili, kila kinachopelekwa kiende na jina la mwenyewe. Na usipolijua, uliza, na usipolipata, sema kuwa hulijui, wala usiseme ni la kale au ni lako. Tatu, mnyama asiteswe ili watu wacheke. Twaona siku hizi picha za paka aliyetishwa kwa kusudi, au aliyevishwa nguo hata akashindwa kwenda, na wanaotazama wanafurahi. Tukumbuke ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Nne, siri za nyumba, na khasa khabari za mume na wakwe, zisigeuzwe visa vya kuchekesha. Tano, urafiki wa mbali uwe na watu wanaojulikana. Asiyejulikana, akianza kwa shairi akaishia kuomba fedha au picha, huyo si rafiki. Na vijana wetu wa kike na wa kiume wamwambie mzazi mara moja, na mzazi asiwapige kwa kusema kweli.

Sasa tunakurudia, ewe kijana. Umetuandikia kwamba paka anayelala miguuni pa mama yako alikuwa wa marehemu baba yako. Uliyaandika hayo kwa kupita, lakini sisi tulisimama hapo. Mama huyu anapomsimulia mwenziwe wa Maskati namna paka alivyokaa mlangoni saa za magharibi, je, unadhani anasimulia khabari za paka? Kuna maneno ambayo mjane hawezi kumwambia mwanawe, kwa kuchelea kumliza. Humwambia mwenziwe kwa njia ya mnyama, au kwa ubeti, au kwa wimbo waliousikia pamoja wakiwa wasichana, na mwenziwe akafahamu. Wenziwe hao wanne, ambao ami zako hawajapata kuwaona, wamekaa naye matanga marefu kuliko sisi tuliokwenda siku tatu tukala pilau tukarudi makwetu. Kicheko mlichokisikia chumbani, yafaa mumshukuru Mungu kwacho.

Swali letu kwako ni hili: mama yako huzungumza na mtu wa Toronto baada ya Isha, baada ya Magharibi huzungumza na nani? Katika barua yako ndefu hukututajia hata wimbo mmoja anaoupenda, wala shairi moja alilolituma. Yawezekana hukumuuliza. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na rafiki wa mbali, hata akiwa mwema namna gani, hawezi kumshika mama mkono wala kumletea maji ya dawa. Hiyo ni haki yake iliyo juu yako.

Shauri letu ni kwamba usiufikishe kwake ujumbe wa ami zako. Waambie kwa adabu kuwa umeuliza, na umejibiwa ya kwamba jambo hili ni halali kwa masharti yake, na masharti hayo mama hakuyavunja. Kisha usiku huu ingia chumbani kwake na daftari na kalamu. Mwombe akuimbie au akutajie wimbo mmoja, na akwambie nani aliyeutunga, na nani aliyeuimba, na wapi aliusikia mara ya kwanza. Andika yote, na majina yote. Na ikiwa katika mashairi anayopelekeana na wenziwe limo alilomtungia baba yako, liandike mpaka ubeti wa mwisho, umsomee Fatiha.

Nasi twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako na amrehemu mke wa yule mzee wa safu yetu. Kila atakayeyasoma haya, na awasomee nao.

Wassalaam.