Siku 60 za jeshi na foleni ya Malaba

MNAMO Mei 2020, foleni ya malori yaliyosubiri kuvuka Malaba na kuingia Uganda ilienea kilomita nyingi kuelekea Bungoma, na madereva wakawa wakilala ndani ya magari yao usiku baada ya usiku. Mpaka haukuwa umefungwa kwa mizigo. Kilichokwama ni majibu ya vipimo vya corona. Sampuli zilipelekwa katika maabara ya taasisi ya utafiti wa kimatibabu, KEMRI, iliyoko Alupe karibu na mji wa Busia, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa ikihangaikia vitendanishi vya kufanyia vipimo hivyo.

Foleni ilirejea Januari 2022, Uganda ilipotaka kila dereva apimwe mpakani kwa ada ya dola 30. Madereva waligoma, na mafuta yakaadimika Kampala.

Majeshi yalikwisha kuipatia hali kama hiyo utaratibu zamani. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu vifaa ambavyo nchi huchangia katika vikosi vya kulinda amani unataka hata zahanati ndogo kabisa ya kikosi, ile ya daraja la kwanza inayotibu wagonjwa 20 kwa siku, iwe na akiba ya dawa na vifaa vya kutosha siku 60. Hospitali ya daraja la pili, inayoweza kufanya upasuaji mara tatu au nne kwa siku, hufungwa na sharti lilo hilo. Wakaguzi hufika kikosi kinapowasili, kisha kila robo mwaka, wakakagua vitanda, mashine na dawa. Kifaa kisichokuwepo au kisichofanya kazi hakilipiwi, na hasara huwa ya serikali iliyowatuma wanajeshi hao.

Nguvu ya mfumo huu, basi, haitokani na amri za kijeshi. Inatokana na kwamba dawa haiagizwi baada ya mgonjwa kufika. Hukadiriwa watu na siku, shehena ikatangulizwa karibu na itakakohitajika, na kila kasha likawa na afisa aliyelitilia sahihi. Katika kaunti zetu mambo huenda kinyume. Hospitali huagiza kwa kadiri ya fedha zilizopo, na shirika la usambazaji dawa, KEMSA, limekuwa likizidai kaunti mabilioni ya shilingi.

Wapo wanaodhani tiba ya haya ni kumwita jenerali. Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alimteua Meja Jenerali Mohamed Badi kusimamia huduma za jiji la Nairobi, za afya zikiwemo. Septemba mwaka uo huo, Tume ya Nyama ilihamishiwa Wizara ya Ulinzi. Ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu ulipofichua kasoro katika ununuzi wa vifaa vya corona wa Sh7.8 bilioni KEMSA, kishawishi cha kutafuta mtu wa magwanda kilizidi. Hata hivyo, jeshi nalo lina pazia lake: sheria ya ununuzi ya 2015 inaviruhusu vyombo vya usalama kununua baadhi ya bidhaa kwa siri. Kinachostahili kuazimwa kambini ni daftari la bohari na ukaguzi wake, wala si usiri huo.

Ushuru hauwezi kuwa kisingizio. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe bidhaa rasmi za majeshi ya nchi wanachama, lakini inasamehe pia vitendanishi vya maabara vilivyopendekezwa na wizara ya afya. Mbele ya afisa wa forodha, mwanajeshi na mgonjwa wa Busia wamewekwa karibu sawa. Tofauti huanza baada ya hapo, katika bohari.

Tangu foleni ile, Uganda imetangaza mkurupuko wa Ebola mara mbili, Septemba 2022 wilayani Mubende na Januari 2025 jijini Kampala, na mara zote mbili Kenya iliimarisha ukaguzi wa wasafiri mpakani. Kipimajoto humtambua mwenye homa tu. Kuthibitisha ugonjwa kunahitaji glavu, mavazi ya kujikinga, vitendanishi na chombo cha kubebea sampuli. Wakazi wa Busia na Malaba wana haki ya kujua akiba ya vitu hivyo ni ya siku ngapi, ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na ni afisa gani aliyeitilia sahihi.