Kosa Lina Mwenyewe: Ilani ya Arua na Koboko

Ndugu wa Arua, ndugu wa Koboko, nanyi mliokulia ukimbizini Kongo na Sudan: zama za kuadhibu kabila zima kwa dhambi ya mtu mmoja zimekwisha. Zama mpya zimewadia, na sisi ndio tunaozitangaza.

Tunaamini kosa lina mwenyewe. Septemba 1972 Idi Amin, aliyekuwa Rais wa Uganda, alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuua Wayahudi milioni sita. Mwaka 1976, Entebbe, watekaji wa ndege waliwatenga Waisraeli na abiria wengine, na askari wa Amin wakawasaidia kulinda mateka. Dora Bloch, mmoja wa mateka hao, bibi wa miaka 74, alitolewa hospitali ya Mulago akauawa. Amin alikuwa Mkakwa, damu yetu, na tunasema bila kigugumizi: hakunena kwa niaba yetu. Kumchukia Myahudi kwa kuwa Myahudi ni uovu, utoke Ikulu au utoke barazani kwetu.

Tunakataa kisasi kilichovaa sare ya serikali. Amin alikimbia 1979, deni lake tukatozwa sisi. Wakakwa, Walugbara, Waaringa, Wanubi, sote tukaitwa watu wa Amin. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa UNLA, jeshi la serikali iliyofuata baada ya Amin, waliingia misheni ya Ombaci na kuwaua raia waliokimbilia hifadhi humo. Je, amani ilikuja? Walikuja waasi, na baadaye kundi la waasi la WNBF la Juma Oris, lililotega mabomu katika barabara za watu wetu wenyewe. Bunduki za kundi jingine la waasi, UNRF II, zilinyamazishwa na mazungumzo, na Sheria ya Msamaha ya 2000, na mkataba wa Yumbe wa Desemba 2002.

Tunaamini gaidi asakwe kwa jina lake, ashtakiwe hadharani, asiteswe, na jirani yake aachwe alale.

Tunaiona Uganda ambamo Myahudi wa Mbale, ambaye Amin alimpiga marufuku kuabudu, anaadhimisha Sabato yake kwa uhuru, na Mwislamu wa Koboko anapita kizuizini bila jina lake kumtia mashakani.

Tunataka serikali isimame Ombaci, mbele ya wajane na yatima, ikiri yaliyotendwa. Tunataka Entebbe na Ombaci zifundishwe katika darasa moja. Tutalidai hilo Arua, tutalidai Koboko, na tutalifuata hadi Bungeni Kampala.